Ejenti alijua ndege imefutwa toka Novemba, sisi tumeambiwa zimebaki siku tisa

SWALI

Asalaam aleikum Ami,

Naandika saa saba za usiku manake mama hajalala na mie siwezi kulala. Namsikia huko chumbani anafungua zipu ya begi, anatoa vitu, anavipanga upya, anafunga, kisha baada ya dakika kumi zipu tena. Niko Malindi, huku Barani, na nasoma majibu yako siku nyingi ila sikuwahi kudhani nami itanifika.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Italia, huko kaskazini, mwaka wa nne sasa, na ana mimba yake ya kwanza, daktari kampa tarehe 20 Disemba. Shemeji ni mtu mzuri lakini kwao hakuna wa kumlea mzazi, mamake ameshafariki, kwa hivo tukakubaliana mama aende, amkande, ampikie uji, amwogeshe mtoto, akae naye mpaka arobaini itimie. Visa tumeihangaikia toka Agosti, Nairobi mara mbili na basi, mara bima, mara barua ya mwaliko, mara karatasi za benki za shemeji. Alhamdulillah ikatoka, siku sitini.

Tiketi tulikata kwa ejenti mmoja hapa mjini. Ni kijana tunamjua, mamake na mama walisoma chuoni pamoja, na ofisi yake ni meza moja tu ndani ya duka la simu. Tulimlipa kwa M-Pesa kwa namba yake mwenyewe, 98,000 ya tiketi na 6,500 ya kwake. Mombasa mpaka Italia moja kwa moja, ndege ya shirika la huko huko Ulaya, kwenda 12 Disemba kurudi 6 Februari.

Sasa Ami, tarehe 3 Disemba alasiri ndo yuwapiga simu. "Dada, ile ruti imekanseliwa. Wamefunga Mombasa msimu huu, abiria hawakutosha." Nkauliza sasa mama ataendaje? Akanambia hakuna ndege nyingine, tuchukue voucha ya mwaka mmoja ama tungoje pesa zirudi baada ya siku 90, na hapo atatoa 15,000 za huduma. Nkamwambia nitumie hiyo barua ya shirika niione. Akaniforwadia kwa WhatsApp bila kufikiri nadhani, manake juu kabisa ya ile imeili tarehe inaonekana: 6 Novemba. Nkamuuliza, kaka, hii si ya mwezi uliopita? Akasema eti alikuwa anatutafutia suluhu kwanza, hakutaka kututia presha.

Kesho yake akaja nyumbani mwenyewe, kapewa chai na mahamri, kakaa vizuri, kisha akatoa karatasi. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba abiria alijulishwa tarehe 6 Novemba kupitia ejenti wake na amekubali voucha. Anasema tusaini tu ili mambo yaende haraka. Mama ameona muhali, kijana kazaliwa na mwenzake, alishaishika kalamu. Ikabidi niseme mama miwani yake iko kwa fundi, atasaini kesho. (Miwani ilikuwa kichwani mwake Ami, kaivaa kama kofia, na kijana ameiona, na hakuna aliyesema neno.)

Shemeji anasema kwa simu iko sheria ya Ulaya, mama anapaswa kulipwa yuro 600 na pia apelekwe kwa ndege nyingine. Nilipomwambia ejenti alicheka, akasema hizo ni za wazungu, si za tiketi iliyokatwa Kenya. Mama naye anasema kwa ajili ya pesa tusivunje ujirani. Yeye hataki yuro, ataka kufika kabla mtoto. Begi lishajaa, kanga, liwa, ubani, tangawizi kavu, pilipili manga, kopo mbili za samli ya ng'ombe ya kumpikia mzazi, tumeazima mizani dukani limefika kilo 23 kamili.

Tufanyeje Ami? Na ile karatasi?

Msomaji wako wa Barani, Malindi


JAWABU

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeirusha foleni, wengine mtanisamehe, huyu ana siku saba.

Karatasi isisainiwe. Miwani ikae kwa fundi mpaka Ramadhani ikibidi. Na nitakueleza kwa nini, lakini iko jambo jengine la haraka zaidi ambalo nadhani hamkuliona: mpigie huyo kijana leo hii, kisha umwandikie na kwa WhatsApp ili ibaki maandishi, kwamba asiombe pesa zirudi. Asiguse. Mie kabla sijaanza kuwajibu watu hapa nilikaa kaunta ya kupokea abiria uwanja wa Mombasa miaka mingi, na nimeona watu wakijifunga mlango wenyewe kwa hili. Shirika likifuta ndege, abiria ana haki ya kuchagua, ama arudishiwe nauli yake, ama apelekwe aendako kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo, ama apelekwe siku nyingine inayomfaa yeye. Anachagua yeye, si shirika wala ejenti. Lakini ukishachagua pesa, basi kazi ya kukufikisha imewatoka mikononi, wakikurudishia nauli mmeachana, na tiketi ya Disemba hii utajinunulia mwenyewe kwa bei ya Disemba, ambayo wewe waijua. Mama ataka kufika. Basi neno ni moja, hatutaki pesa wala voucha, twataka safari.

Sasa yule kijana aliyecheka. Shemeji yako ndiye mwenye haki hapa. Sheria yenyewe ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na haiangalii paspoti ya mtu wala tiketi imekatwa meza gani, duka la simu Malindi ama ofisi ya vioo Milano, yote sawa. Yaangalia ndege yatoka wapi, yaenda wapi, na ni ya nani. Ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Ulaya imo ndani, iwe ya Mwarabu, Muhabeshi, ya yeyote. Ndege inayotoka nje kuingia Ulaya, kama hii ya mama kutoka Mombasa, inaingia ikiwa mwenye ndege ni shirika la Ulaya. Umesema ni shirika la huko huko, basi imeingia. Ingelikuwa mmekata na shirika la Ghuba safari ya kwenda isingehusika, ya kurudi ndo ingehusika, mambo ya ajabu lakini ndivo ilivyo, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa wakasema hii sheria haifanyi kazi.

Hizo yuro 600 sasa. Zinatoka wapi? Ni fidia, juu ya safari ama nauli, si badala yake. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, na Mombasa mpaka kaskazini ya Italia yapita huko mbali sana, kiwango ni yuro 600 kwa kila abiria, bila kujali tiketi ilinunuliwa bei gani. Kwa shilingi zetu ni kama elfu tisini hivi, yategemea rate ya siku hiyo. Shirika laweza kukwepa kama litathibitisha kwamba ndege ilifutwa kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake, dhoruba, uwanja kufungwa, vitu kama hivo. Abiria kutotosha si dhoruba. Hiyo ni biashara yao, wamepiga hesabu wakaona haileti, sawa, lakini hasara ya hesabu hiyo haimwangukii mama.

Na shirika laweza kukwepa kwa njia moja nyingine, na hapa ndo rudi kwenye ile karatasi. Likimjulisha abiria wiki mbili kamili kabla ya safari, fidia hakuna. Safari au nauli bado anayo, lakini zile 600 zimekwenda. Chini ya siku 14, fidia ipo, ila wakimpa ndege mbadala inayokaribiana sana na ile ya kwanza, kwa walioambiwa kati ya siku 14 na siku 7 kama nyinyi, iwe haiondoki zaidi ya masaa mawili kabla ya ile ya mwanzo na ifike kabla masaa manne hayajapita baada ya muda uliopangwa. Hesabu mwenyewe. Kutoka 3 Disemba mpaka 12 ni siku tisa. Kutoka 6 Novemba mpaka 12 Disemba ni siku 36. Karatasi ile inambadilisha mama kutoka abiria wa siku tisa kuwa abiria wa siku 36, kwa sahihi moja na kikombe cha chai.

Utaniuliza, je si kweli shirika lilijulisha tarehe 6, lilimwambia ejenti, na ejenti ni wetu? Swali hili lilishafika mahakamani. Abiria mmoja alikata tiketi kwa ejenti wa mtandaoni, ya kutoka Amsterdam kwenda Paramaribo kule Surinam, Novemba 2014. Shirika likamwambia ejenti tarehe 9 Oktoba kwamba ndege imebadilishwa, ejenti akakaa nayo, abiria akaja kupata imeili tarehe 4 Novemba, siku kumi kabla ya safari. Kisa chenu hiki hiki, kasoro mahamri. Shirika likasema sisi tulijulisha mapema, mlaumu ejenti wako. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Mei 2017 majaji wakasema kinachohesabiwa ni siku abiria mwenyewe alipojua, na ni kazi ya shirika kuthibitisha kwamba alijua, na kama limeshindwa kuthibitisha basi lilipe hizo 600, hata kama lilimwambia ejenti mapema. Ila majaji waligusia pia kwamba yule abiria hakuwa amempa ejenti ruhusa ya wazi ya kupokea habari kwa niaba yake. Sasa soma tena karatasi yenu: "kupitia ejenti wake". Aliyeiandika hiyo aidha anajua sheria vizuri ama kaandikiwa na anayejua.

Sitaki kusema kijana ni mwizi. Sheria ile ile inaliruhusu shirika likishalipa fidia limgeukie aliyesababisha, na aliyesababisha hapa ni nani? Ameogopa. Pengine alikaa na ile imeili wiki ya kwanza akitumai ruti itarudi, wiki ya pili akaona haya, wiki ya tatu akawa hajui aanzie wapi, hivi ndivo mambo mengi huharibika huku kwetu, mtu akificha habari mbaya kwa kuona muhali mpaka habari inaoza. Lakini hofu yake si deni la mamako.

Sasa kazi ya leo. Tafuta kwenye tiketi namba ya bukingi, ni herufi na tarakimu sita, na uangalie kama iko na namba ya tiketi yenyewe, kwa mashirika mengi huwa tarakimu 13. Ukiwa na zile sita tu bila ya pili, muulize kijana tiketi ilitolewa kweli ama ni nafasi tu ilishikwa, na usikubali jibu la "iko sawa dada", akutumie risiti ya shirika. Kisha ingia kwenye tovuti ya shirika, sehemu ya kusimamia safari, weka jina la ukoo la mama na hizo sita. Nakuapia utakuta imeili na simu zilizowekwa pale ni za ejenti. Ndo maana nyinyi hamkupata habari. Maejenti wengi hufanya hivo, wengine ili mteja asihamie kwa shirika moja kwa moja, wengine mazoea tu. Badilisha weka zako kabla hujafanya lolote, kisha piga picha ya skrini.

Baada ya hapo liandikieni shirika wenyewe, msipitie mezani kwa kijana tena. Mdogo wako ama shemeji aandike kwa Kitaliano, mambo yataenda mbio zaidi, lakini iandikwe kwa jina la mama, na maneno yasiwe mengi. Kitu kama hiki:

"Mimi ni abiria mwenye bukingi namba fulani, Mombasa kwenda Italia, 12 Disemba. Nimejulishwa kufutwa kwa ndege hii tarehe 3 Disemba kwa simu, sikujulishwa kabla. Sitaki voucha wala kurudishiwa nauli. Nachagua kufikishwa niendako mapema iwezekanavyo, kwa kifungu cha 8 cha kanuni 261/2004. Naomba mnipe safari mbadala leo au kesho."

Basi. Msitie habari za mimba wala za visa, watawapa pole nyingi halafu watawapeleka kwa idara ya pole.

Watakujibu moja ya mawili. La kwanza, wamepata njia, tuseme kupitia Nairobi ama Addis, na wakitaja Nairobi uliza sana, je, na Mombasa mpaka Nairobi? Tiketi yenu yaanzia Mombasa, kwa hivo safari mpya nayo ianzie Mombasa kwa gharama yao, wasiwaambie mjifikishe Nairobi na basi. Matatu ya Malindi mpaka Mombasa hiyo ni yenu, ilikuwa yenu toka mwanzo. La pili, watasema hatuna ndege mpaka Januari, kwa sababu wao wenyewe wamefunga ruti. Hapo msilegee. Kutuma abiria kwa ndege ya shirika lingine kupo, mahakama ile ile ilishasema kwamba njia mbadala yahesabu hata ndege za mashirika mengine. Mtafutie mwenyewe, shemeji akae kwenye kompyuta, apate ndege mbili tatu zenye nafasi kati ya tarehe 11 na 14, awatumie namba za ndege na masaa yake, awaambie hizi zina viti, tuwekeni. Hapo inakuwa ngumu kwao kusema hakuna.

Na wakinyamaza? Hapa nitasema kwa uangalifu manake ni pesa zenu. Kama mmeandika, mmewapa muda, mmewaonyesha ndege, na wamekataa ama wamekaa kimya, mnaweza kununua tiketi nyingine ya hali sawa na ile ya kwanza kisha mdai tofauti ya bei. Ya hali sawa, isiwe ya daraja la mabwana. Wekeni kila kitu, imeili mlizotuma na saa zake, picha za skrini, risiti. Mkinunua kabla ya kuwauliza, watasema mlikurupuka, na watakuwa na hoja.

Fidia ya 600 iacheni ingoje mpaka mama afike, msiichanganye na hili. Atadai akiwa huko huko kwa mdogo wako, kwa shirika kwanza. Wasipojibu wiki sita, malalamiko yanakwenda kwa mamlaka ya anga ya nchi ndege ilikokuwa inakwenda, kwenu ni Italia, inaitwa ENAC. Mtakutana njiani na makampuni yanayosema tutakudaia bure, si bure, hukata fungu nono likishalipwa, na nyinyi mna mtoto wa nyumba anayeongea Kitaliano. Ndege mbadala watakayowapa ikiondoka ama ikifika nje ya yale masaa niliyotaja, kuipanda hakuifuti fidia, msitishwe.

Ama ile 15,000 ya kijana nimecheka kwa sauti. Hiyo ni huduma gani? Kwanza hamdai nauli, lakini hata mngedai, kanuni yasema nauli irudi ndani ya siku saba, kwa pesa taslimu ama benki, voucha ni pale tu abiria anapokubali kwa sahihi yake. Siku 90 sijui ameitoa wapi. Na mwaka 2018 mahakama ya Ulaya ilisema hata kamisheni ya ejenti iliyojumlishwa kwenye bei ya tiketi inarudi, isipokuwa kama aliiweka bila shirika kujua. Zile 6,500 mlizompa pembeni, hizo ni baina yenu na yeye.

Kuhusu ujirani, mama ana haki ya kuuthamini na mie simwambii aupige teke. Ila mwambieni kijana ukweli kwa heshima, ikiwezekana mjomba au mzee wa mtaa awepo, kwamba hamtaki kumharibia, mnaandikiana na shirika wenyewe na hamtasaini chochote kinachosema mlijua Novemba kwa sababu hamkujua Novemba. Asitakiwe zaidi ya kuwapa namba ya tiketi na ile imeili ya tarehe 6 kama ilivyo. Ile uliyoforwadiwa usiifute, na toa na taarifa ya M-Pesa yenye malipo yote mawili uihifadhi. Akianza kusumbua, maejenti wa safari Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, muulize leseni yake kwa upole tu, utaona namna sauti inavyobadilika.

Visa isikutoe jasho. Visa ya Schengen, hii ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ina vitu viwili, idadi ya siku za kukaa, na tarehe mbili ambazo ni dirisha la kuingia na kutoka. Dirisha kwa kawaida hupewa siku 15 za ziada juu ya zile siku za kukaa, kwa sababu kama hizi hizi, na siku sitini zinaanza kuhesabiwa akiingia, si tarehe 12. Akichelewa siku mbili tatu hakuna kilichoharibika. Lakini bima, ifungue uangalie tarehe zake, lazima ifunike siku zote atakazokuwa huko, ile ya kiwango cha yuro 30,000. Ndege ya kurudi ikisogea na bima isogezwe. Na ndege ya kurudi muiulizie sasa hivi kwa maandishi! Kama wamefunga Mombasa msimu mzima basi ya 6 Februari nayo imekufa, ni vile tu hamjaambiwa.

Nilitaka nimalizie hapo lakini kuna kijana wa Lamu aliniandikia mwezi uliopita na nikamuahidi. Yeye alikuwa asubuhi ashavuka na boti mpaka Manda, yuko uwanjani na begi, akaambiwa ndege ya Nairobi haiji, na sasa kasoma mahali habari za yuro akataka alipwe. Hapana, bwanangu. Lamu mpaka Nairobi na shirika la hapa, hiyo kanuni ya Ulaya haikugusi hata ukucha. Wewe una Katiba kifungu cha 46, kinachosema mtumiaji alipwe hasara iliyotokana na huduma mbovu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ila huku hakuna bei iliyopangwa kama kule, ni uonyeshe hasara yako, risiti ya boti, ya hoteli, ya tiketi uliyonunua badala yake. Shirika likikukatalia, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unajisimamia mwenyewe bila wakili na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Na kama hiyo ya Lamu ilikuwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwenda nje, hapo kesi ni nyingine kabisa, yaingia Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, ambao Kenya imo, niandikie tena uniambie ni tiketi moja ama mbili.

Mwanangu wa Barani, usiku wa leo mwambie mama alale, kazi hii si ya zipu. Ukiamka tu andika ile barua kabla ya chai. Na samli itoeni begini. Ulaya hawaruhusu abiria kutoka huku kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa, nimeona kopo ngapi sijui zikibaki kaunta na mama wa watu analia. Liwa, ubani, tangawizi na pilipili manga viende. Shemeji anunue siagi huko huko, mama ataichemsha mwenyewe jikoni ipande samli, na hizo kilo mbili zitakazobaki awekee nafasi ya kanga za mtoto.